Kelele ya Arobaini na Moja

Nakijwa alikuja mashineni siku moja kabla ya baraza, akasimama mlangoni akisubiri nimalize debe la mahindi la Mama Sifael. Huyu Nakijwa ndiye fundi wa Pazia wa kata yetu. Ni yeye aliyetupachika zile punje za kuziba kelele nyuma ya masikio miaka mitatu iliyopita, mtu mmoja mmoja, akitupuliza kwanza kama watoto wa chanjo. Sikumpenda tangu siku ile. Anayekuja na kitu cha bure kutoka wilayani, mimi humtazama mikono.

"Shikamoo, mzee Kiangi."

"Marahaba. Kama umetumwa unibembeleze nifute malalamiko, rudi ulikotoka."

"Sijatumwa. Zima mashine, baba."

"Inasaga."

"Zima."

Nikazima. Mkanda ukazunguka kidogo kwa ukaidi, ukasimama. Mama Sifael akachukua unga wake akaondoka, nyumba yake ni hapo tu, ng'ambo ya ua wetu wa miti ya masale.

Malalamiko yangu hata mbuzi wa kata hii wanayajua. Mke wangu Namkunda alifariki Jumatatu moja ya mwezi wa pili, saa saba mchana, jikoni kwake, hatua kumi na mbili kutoka hapa ninaposimama kusaga. Pumu ilimbana. Sauti ilipomkatika akachukua mfuniko wa sufuria kubwa na mwiko, akapiga. Ndivyo alivyoniita miaka ishirini na tisa, kwa chakula, kwa mgeni, kwa ng'ombe aliyekata kamba, maana ukiita jina la mtu kwenye mashine ni kama umeita jiwe. Siku ile alipiga mpaka mwiko ukapasuka na mfuniko ukabonyea ukingoni. Sikusikia. Mama Sifael alikuwa barazani kwake anachambua maharage, naye hakusikia. Nilimkuta saa nane, nilipoona njaa imezidi na hakuna aliyeniita.

Hatukusikia kwa sababu kwenye orodha ya kelele za Kata, baada ya pikipiki iliyotoboka bomba na jogoo wa kabla ya alfajiri, iliandikwa hivi: Kelele ya arobaini na moja. Bati au chuma chembamba kikipigwa kwa mti. Imezibwa kwa wote.

Kesho yake, siku ya baraza, mama mmoja mwenye cheo kutoka wilayani angekuja kunisikiliza. Nikishinda, mtendaji wa kata angefukuzwa kazi na mnara wa Pazia ulioko kilimani ungezimwa. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miezi minane kama mtu anayesubiri kupumua.

"Nimefungua kumbukumbu za mnara," Nakijwa alisema. "Ya arobaini na moja haikuandikwa na ofisi."

"Iliandikwa na nani?"

Aliitazama fulana niliyovaa. Ilikuwa imeanza kupauka, lakini maandishi yalisomeka: SIKIO LA MFANO.

Hapa niseme jinsi Pazia letu linavyofanya kazi, maana wengine huenda lenu ni la namna nyingine. Punje ina ukubwa wa harage, na ina uzi unaoshuka shingoni hadi kwenye mfupa wa bega. Sauti ikija, punje inaiwahi, inauliza mnara kama inaruhusiwa. Ikikataliwa, punje inatengeneza sauti iliyo kinyume chake, zinakulana, wewe unabaki na kimya. Uzi nao unapoza harufu na kulegeza mguso, ukosi unaokukwaruza unauhisi kama maji. Ila linalofanywa na mkono wako mwenyewe halizibwi, mtu asije akajikata kidole bila kujua. Na sauti ikikuudhi unabonyeza punje. Sauti ileile ukiibonyezea mara tatu, imeandikwa, hutaisikia tena.

Mtu wa kawaida hujibonyezea mwenyewe. Lakini, jambo ambalo sisi hatukuelezwa, Kata ilitaka mnara ujifunze upesi, ikatafuta masikio yanayoishi kwenye kelele, ambayo yakibonyeza yamebonyeza kwa niaba ya watu wote. Yalitakiwa masikio matano. Mtendaji akasema ya nini kujisumbua, mwenye mashine ya kusaga anatosha. Wakanipa fulana na chupa ya chai. Nikatia dole gumba kwenye karatasi yao, maana mimi niliishia darasa la nne na maandishi yale yalikuwa madogo kama sisimizi. Jumapili yake niliivaa fulana hiyo kanisani. Namkunda alicheka njia nzima.

"Alhamisi," Nakijwa alisema polepole. "Ijumaa. Jumamosi. Zote saa saba na dakika kadhaa. Jumatatu yake ndiyo..."

"Nyamaza."

Nilikumbuka. Wiki ile nilikuwa nimebadilisha nyundo za mashine, zile zinazoponda mahindi. Nyundo mpya husikilizwa. Unasimama pale siku tatu nne unatega sikio, kwani moja ikiwa nzito kuliko mwenzake inagonga kwa kuchechemea, na usipoigundua mapema inakung'olea mhimili mzima. Pazia liliondoa mngurumo likaniachia mlio wa nyundo tupu, na hapo ndipo nilipokuwa nikiupata huo mchechemeo, Namkunda akaanza na mfuniko wake. Ko ko ko ko. Chakula. Nikabonyeza. Kesho yake vilevile. Keshokutwa nikabonyeza kwa hasira mpaka sikio likauma, nikasema, "Mwanamke huyu!" Jumapili tulitoka kanisani pamoja tukala pamoja, hakuwa na haja ya kuniita.

"Kumbukumbu ya sikio ni mali ya mwenye sikio," Nakijwa alisema. "Sheria hainiruhusu kuisoma barazani bila dole lako. Ukinyamaza, na mimi nitanyamaza. Lawama itabaki kwa mtendaji."

"Na inamstahili."

"Labda." Akaokota punje ya hindi sakafuni, akaitazama, akaitupa. "Naetwe hajambo?"

"Hajambo. Kwa nini?"

"Nauliza tu, baba."

*

Naetwe ndiye mtoto wetu wa pekee, ana miaka ishirini na minne. Alizaliwa na ngozi isiyo na mlango. Kila kitu kiliingia. Mvua ikipiga bati alitambaa chini ya kitanda. Kengele ya shule ilimtapisha. Walimu walisema anadeka, mchungaji akasema aombewe, mkubwa mmoja wa elimu akaniambia nimchape. Wote hao walikuwa na vyeti ukutani.

Mama yake ndiye aliyemsoma. Nguo mpya aliifua mara saba kabla ya kumvisha, tena alimvisha ndani nje ili mshono usimguse. Ugali sahani yake na mboga sahani yake. Wageni waliambiwa waje mmoja mmoja. Na siku dunia ikimzidi, Namkunda alimlaza mkekani akamwekea miguuni mfuko wa mahindi wa nusu debe. Uzito ule ulimtuliza kuliko dawa. Nilidhani ni mambo ya wanawake, mpaka nilipomwona mtoto analala.

Pazia lilipokuja, Naetwe alitoka nje. Hilo nalisema ingawa linaniuma. Alipata kazi kwenye kiwanda cha kukaushia tangawizi, mahali ambapo hata mimi macho hunitoka machozi. Alikuwa anarudi jioni anaimba.

Jioni ile aliporudi nilikuwa nimepika. Nikaweka sahani mbili mbele yake, ugali na mchicha, visigusane. Hakula.

"Baba, kesho ukishinda watazima saa ngapi?"

"Sijui. Siku hiyohiyo."

"Mimi nitakuwa zamu. Utakuja kunichukua?"

Aliuliza taratibu, kama anauliza habari ya mvua. Nikamwona tena chini ya kitanda, mikono masikioni, akiwa na miaka sita.

"Tuliishi bila hilo dude kabla," nikasema.

"Wewe na mama mliishi. Mimi nilikuwa nasubiri."

Nikavunja tonge nikalirudisha. Yeye akashika punje yake nyuma ya sikio, akaizungusha kama mtu anayepima jino bovu.

"Baba, mtu anaweza kubonyeza akiwa usingizini?"

"Kubonyeza nini?"

"Chochote."

"Kula, mama. Kinapoa."

Sikuuliza zaidi. Mtu mwenye mzigo wake hataki kujua wa mwenzake una uzito gani.

*

Baraza lilikuwa kwenye ukumbi wa kata saa nne asubuhi. Watu walijaa mpaka madirishani. Mama wa wilayani alikaa katikati, mnene, mpole, miwani kifuani. Mtendaji alikaa pembeni yake, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, faili mbele yake limefungwa kwa kamba. Nakijwa alisimama ukutani na kibao chake cha kusomea kumbukumbu. Naetwe alikaa safu ya pili karibu na Mama Sifael, amevaa blauzi yake ndani nje.

"Mzee Kiangi," mama wa wilayani akasema, "malalamiko nimeyasoma. Eleza kwa mdomo wako."

"Mimi sina maneno mengi, mama. Nina hiki."

Nikatoa kwenye mfuko wa sulufeti ule mfuniko uliobonyea na mwiko uliopasuka. Nikapiga.

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Mkono ulikuwa wangu, kwa hiyo nilisikia, na ukumbi ulikuwa na dari ya bati, masikio yakanilia kengele. Nikapiga ishirini, thelathini, mpaka kipande cha mwiko kikaruka. Nikasimama nikihema.

Mtendaji alitazama saa yake. "Mzee wangu, tunakusubiri. Anza basi."

Mmoja wa dirishani akasema, "Anapepea mkaa huyo!" Wakacheka. Mwingine akadakia, "Ngoma ya mabubu!"

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni Mama Sifael. Alinitazama mkono, akatazama mfuniko, kisha akapeleka kidole nyuma ya sikio akaichomoa punje yake.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga mara moja. Mama Sifael akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu. Hivi ndivyo alivyokuwa anapiga? Nami niko pale na maharage?"

Hapo wakaanza kuchomoa, mmoja hapa, mwingine pale. Nami nikaendelea kupiga. Mama wa wilayani alichomoa yake. Mtendaji alichomoa mwisho, kwa kulazimika. Naetwe peke yake hakuthubutu. Alinitazama mkono ukipanda na kushuka, midomo imemkauka.

"Inatosha, mzee," mama wa wilayani akasema. Aliweka punje yake juu ya meza. "Nani aliiandika sauti hii?"

"Si ofisi yangu," mtendaji akajibu upesi. "Mnara unaandika kinachobonyezwa na wananchi. Na kwa heshima zote, kabla mzee hajatunyooshea kidole, aangalie nyumbani kwake."

"Una maana gani?"

"Kuna mtu kwenye nyumba ile ambaye kila sauti inamuudhi. Kata nzima inamjua."

Ukumbi mzima ukageuka. Sikuelewa haraka, na nilipoelewa Naetwe alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa ameukunja uzi wa bega kwenye kidole.

"Wiki ile nilikuwa zamu ya usiku, mchana nalala. Mfuniko ulikuwa unaniingia kama msumari. Mama alijua, alikuwa anachungulia kwanza ananiambia pole mwanangu, ndipo anapiga. Nafikiri nilibonyeza usingizini. Siku ile nilikuwa chumbani, ukuta mmoja tu. Nililala fofofo." Akaigeukia meza ya wakubwa. "Mnara uacheni. Kuna wengine kama mimi, huko chini kwenye mabonde, hamuwajui kwa sababu hawatoki. Nivueni mimi. Mimi tu."

Mtendaji alikuwa ameshafungua faili, anaandika. Aliandika haraka mno, kama mtu anayeogopa maneno yatabadilika.

Nitakuwa mwongo nikisema nilisimama papo hapo. Nilibaki na mfuniko mkononi nikawaza. Niliwaza kwamba akishalisema yeye limekwisha, watu watamhurumia, ni msichana, ni mgonjwa, nani atamfunga? Niliwaza kwamba mimi bado ni mume aliyefiwa. Watu wananipisha njiani. Nikitamka, nitakuwa nini? Nakijwa alikuwa anatazama sakafu. Angeweza kuniangalia, hakuniangalia. Ile adabu yake ndiyo iliyoniumiza.

Miezi minane mtoto alikuwa amekula chakula changu akiamini amemuua mama yake, na mimi nikiwa nimekaa naye meza moja nikiwatukana wakubwa.

"Nakijwa," nikasema. "Lete kibao."

"Mzee, si lazima..."

"Lete."

Nikaweka dole gumba. Lilelile nililoweka siku ya fulana. Nakijwa akasoma: sikio la mfano, Kiangi, mwenye mashine. Alhamisi, saa saba na dakika kumi na mbili. Ijumaa, saa saba na dakika nane. Jumamosi, saa saba na robo. Kelele ya arobaini na moja. Imezibwa kwa wote.

Nilitaka hata yule wa dirishani anitukane.

"Andika, mtendaji," nikasema. "Unaandika upesi, andika na hili. Nilimziba mke wangu mara tatu ili nisikie nyundo. Hilo ni langu, nitazikwa nalo. Mtoto hakubonyeza kitu. Lakini andika na jingine. Mwanamume kumchoka mkewe wakati wa chakula hakukuanza na mimi. Zamani nikiziba masikio, Mama Sifael alikuwa na yake. Mchungaji alikuwa na yake. Ninyi mlichukua hasira ya mzee mmoja mwenye njaa mkaifanya sikio la nyumba mia nne, kwa sababu mliona masikio matano ni usumbufu. Mkanipa fulana! Mimi sikujua nimebeba nini. Ninyi mlisoma, mlijua."

Mtendaji kalamu ilimsimama hewani.

Mama wa wilayani alivaa miwani yake, akakitazama kile kibao. Kisha akasema mnara hautazimwa, ila kuanzia saa sita mchana hakuna sikio litakalosemea sikio jingine. Kila mtu ajizibie mwenyewe, na orodha ya wote ifutwe kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mtendaji hakufukuzwa. Wao hawafukuzwi, wanahamishwa. Nasikia sasa yuko kata yenye lami.

*

Naetwe hakunisemesha siku tisa. Alikula kwa Mama Sifael. Siku ya kumi alirudi kutoka kiwandani akakaa kwenye kigoda, jikoni, pale alipoangukia mama yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku moja kabla."

"Na niliposimama, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikawia, baba."

Nikasukuma ukuni ndani ya jiko.

Akaniambia kwamba sauti ya mfuniko hajaiziba kwenye punje yake. Angeweza, mara tatu tu, hakuna ambaye angemlaumu. Hakutaka. Alitaka aizoee, taratibu, kama mama yake alivyomzoesha maji ya baridi kwa kuanzia vidole vya miguu. Akavuta mfuko wa mahindi akauweka mapajani, akaukumbatia.

"Piga. Moja tu."

Nikagusa tu mfuniko kwa mwiko mpya. Akajikunja kama aliyemwagiwa uji wa moto, akatoka nje. Siku hiyo ikaisha hivyo.

Tukafanya hivyo kila Jumamosi. Mara moja, kisha mbili. Jumamosi ya nne nilipiga tatu, akabaki amekaa, macho ameyafumba, jasho puani. Mimi punje yangu nilishaichomoa, imo kwenye chupa ile ya chai waliyonipa. Mashine sasa inanipasua kichwa kwa mngurumo, lakini nimeacha iwe hivyo.

Jumamosi ya tano akasema, "Unapiga laini. Mama hakuwa anapiga hivyo."

"Utaumia."

"Nitaumia. Piga kama mama."

Akaubana mfuko wa mahindi kwa mikono yote miwili. Nikaushika mfuniko pale ulipobonyea. Nikapiga kama alivyopiga Namkunda, ko ko ko ko, kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Naetwe alipiga kelele lakini hakutoka. Nikaendelea. Nilikuwa sijafika kumi.

Ua wa masale ukatikisika. Mama Sifael akatokea mbio, kanga imemdondoka begani, mikono imejaa unga, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki kwake.

"Kuna nini? Nani? Nani kaanguka?"

Nilibaki na mwiko juu. Naetwe ndiye aliyejibu, machozi yakimchuruzika, mfuko wa mahindi bado kifuani.

"Hakuna kitu, mama. Chakula kiko tayari."

Mama Sifael alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akapangusa mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akakaa akihema.

"Basi pakueni," akasema.